Heshima ya Tabo

Mistari miwili ilikuwa haikutani.

Fundi waliyemwita Sikio aliinama juu ya injini ya lori la dada yake, akafuta pampu ya dizeli kwa kitambaa, akawasha tochi ya simu, akatazama upya. Mstari mmoja alikuwa ameuchora mwenyewe kwa patasi kwenye bapa la pampu. Wa pili aliuchora kwenye mwili wa injini, uso kwa uso na mwenzake, siku alipokaza nati mara ya mwisho. Siku hiyo ilikuwa mstari mmoja ulionyooka. Leo wa pampu ulikuwa umesogea kuelekea injini, unene wa ukucha tu. Mtu mwingine asingeuona. Yeye aliuona kama ulimi unavyoliona pengo la jino.

"Kuna mkono umeingia chunguni mwangu," alisema.

Zamani alikuwa akiweka alama ya rangi, na rangi haina maisha mbele ya dizeli. Ikivuja kidogo tu, alama imekwenda na maji. Safari iliyopita ndiyo alitumia patasi kwa mara ya kwanza. Na leo hakuinua kabini kwa ajili ya pampu. Alikuja kuziba bomba dogo lililokuwa likidondosha mafuta. Mwizi huonekana siku unayotafuta sindano.

Dereva wa lori alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu kivulini, anatafuna karanga. Walimwita Kobe, na si kwa uzembe wake. Kuna safari ambazo lori lake mlimani lilipitwa mpaka na baiskeli yenye magunia.

"Kobe."

"Naam, fundi."

"Nani ameshika pampu yangu?"

"Pampu ipi?"

"Lori hili lina pampu ngapi za dizeli?"

Kobe alitafuna polepole, kama mtu anayetaka karanga zisiishe kabla ya maswali. "Labda imejisogeza. Barabara zenyewe unazijua, mashimo matupu."

"Kwa hiyo nati zimejilegeza zenyewe, zikaisogeza pampu, halafu zikajikaza?"

"Nati za siku hizi zina akili."

Sikio hakucheka. Kwa kawaida yeye ndiye aliyekuwa bingwa wa mzaha katika uwanja ule, lakini pampu haikuwa jambo la mzaha kwake. Breki alizitengeneza kwa sababu ni kazi. Springi alizifunga kwa sababu mtu hula. Pampu aliipenda.

Asiyewahi kuifungua injini ya dizeli ajue hili: dizeli haina plagi ya kuiwashia moto. Pistoni hupanda, huibana hewa mpaka hewa yenyewe iive kwa joto, na hapo pampu hurusha mafuta ndani, kwa wakati wake. Mafuta yakiwahi mno, moto huikuta pistoni bado inapanda. Injini ikagonga kama mtu anayepasua mawe. Yakichelewa, pistoni imeshageuka inashuka, na moto unaifuata nyuma kama mgeni aliyefika karamuni watu wananawa mikono ya mwisho. Nguvu hupotea, na joto lisilofanya kazi hukimbilia kwenye ekzosi na kuichoma tabo, ile feni inayozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa zaidi. Baina ya kuwahi na kuchelewa kuna msogeo mdogo kuliko ule wa kufungua kifuniko cha chupa. Ukiisukuma pampu kuelekea injini, kwa injini za aina hii, umewahisha. Ukiivuta nje, umechelewesha. Basi. Hiyo ndiyo taimingi, na wengi wamezeeka katika ufundi bila kuijua.

Sikio aliijua. Alifundishwa na Mjomba, kaka wa mama yake, mwenye gereji kubwa ya ng'ambo ya mji, na hakuna siku aliyoikumbuka vizuri kama siku ile. Walilegeza bomba la silinda ya kwanza, wakatoa valvu yake, wakafunga kibomba kilichopinda kama shingo ya bata. Mafuta yalitiririka. Sikio akaizungusha injini taratibu kwa spana. Mtiririko ukawa matone, matone yakawa tone, na tone la mwisho likaning'inia likakataa kuanguka.

"Hapo," Mjomba alisema. "Hapo pampu imefunga mdomo, inaanza kusukuma. Tazama puli."

Alama ya kiwandani kwenye puli, lile gurudumu la mbele ya injini, ilikuwa imesimama mahali pake. Sikio akataka kukaza nati. Mjomba akamshika mkono.

"Pupa ya nini? Ingekuwa injini ya kawaida ungekaza hapo. Hii ina tabo. Tabo ni kama mkwe, haipokelewi kwa kukurupuka." Akaivuta pampu nje, unene wa ukucha. "Hii ndiyo heshima ya tabo. Ukiisahau utapasua pistoni za watu. Na usimwambie mtu yeyote, mpwa wangu. Hiki ni chakula chako."

Tangu siku hiyo hakuna injini yenye tabo iliyotoka mikononi mwake bila kupewa heshima yake. Na zilikuwa zikitoka zimetulia! Ziliunguruma kwa upole, kama mtoto aliyeshiba. Wenye magari walisimama kando ya injini zao wakitabasamu, naye akisimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri sifa kama anayesubiri mvua aliyoiomba mwenyewe.

Sasa mtu alikuwa ameiondoa heshima ile, kwa kipimo kilekile, ukucha kwa ukucha.

"Kobe, sitauliza tena."

"Fundi, usinichome mimi bure. Ni kikofi tu. Usikipe uzito."

"Kikofi gani?"

Kobe aliacha kutafuna. "Hukijui kikofi?"

"Nikijue wapi?"

"Kikofi cha Mjomba! Madereva wote wanakijua." Kisha akaona uso wa Sikio, akapunguza sauti, lakini maneno yalikwishatoka na maneno hayana gia ya kurudi nyuma. "Gari likitoka kwako linanyamaza vizuri, fundi, sisemi uongo, linapendeza. Ila mlimani halina kifua. Basi tunapita kwa Mjomba. Analegeza, anaipiga pampu kikofi, pa! anakaza. Chai haijapoa umeshaondoka. Wala hadai kitu. Anasema tu, 'Mvumilieni kijana wangu, bado anajifunza.'"

"Nani wengine?"

"Kina nani?"

"Nani wengine wanapita kwa Mjomba?"

"Lori la maziwa," Kobe alisema akiangalia karanga zake. "Lile la mbao. Wote tu, fundi. Wote wanaokuletea pampu."

*

Dada yake alifika wakati Sikio bado amesimama na kitambaa mkononi. Alikuwa mwanamke wa haraka, anayetembea kama aliyeacha kitu jikoni. Lori lile ndilo lililokuwa roho yake. Alilipata kuukuu, akalilea, na sasa lilikuwa limempatia kazi aliyoiota muda mrefu: kupeleka kokoto juu ya mlima, kwenye daraja linalojengwa. Safari ya kwanza ilikuwa kesho asubuhi. Lori litakalokwama mlimani halitaitwa tena, waliambiwa hivyo bila kupambiwa maneno.

"Mbona mnaonekana kama mko msibani?" aliuliza.

"Dada, lori hili huwa linapelekwa kwa Mjomba?"

Alimtazama Kobe. Kobe akatazama anga, kana kwamba ndege yake imechelewa.

"Mdogo wangu," dada alisema, "tulikuficha kwa sababu tunakupenda."

"Mngenichukia ningejua mapema."

"Usianze na maneno yako makali. Ulikuwa umefungua gereji yako juzi tu. Ningekwambia nini? Kwamba lori langu ukilishika linapanda mlima kama bibi harusi? Wewe unalijaribu tupu, hapa tambarare. Mimi ndiye ninayepigiwa simu limelala njiani."

"Na hukuweza kunipigia mimi?"

"Niliweza. Sikutaka kukuvunja moyo." Akamshika bega, kama alivyomshika alipokuwa mdogo na kuanguka mbele za watu. "Sikiliza. Kuanzia kesho pampu ibaki kwa Mjomba. Wewe una breki, una springi, una kazi nyingine zote."

"Nimekuwa fundi wa springi."

"Springi nazo ni kazi."

"Springi ni kazi," Sikio alirudia. "Dada, nipe leo. Nipe mpaka alasiri. Tutapakia kokoto kamili, si nusu, tutapanda mlima ule ule. Likishindwa nitalipeleka kwa Mjomba mwenyewe, nikilisukuma. Na sitagusa pampu ya mtu maisha yangu yote."

Dada alimtazama. Alimjua, mdogo wake hakuwa mtu wa kuapa halafu akatafuta mlango wa nyuma. "Alasiri," alisema. "Usichelewe."

*

Njia nzima ya kwenda ng'ambo ya mji, Sikio alijilaumu mwenyewe. Hilo ndilo lililomuuma zaidi baadaye, kwamba njia nzima ile hakumshuku mzee hata kidogo. Aliwaza kuwa amekosea kipimo. Alisimama kando ya barabara akatazama ukucha wake wa kidole gumba, akajiuliza kama labda ukucha wake ni mnene kuliko wa Mjomba. Alikuwa anakwenda kuuliza, kama mwanafunzi. Alikuwa tayari kuinamisha kichwa.

Gereji ya Mjomba ilikuwa na paa refu la mabati, mashine ya kukereza vyuma pembeni, makopo ya nati yaliyopangwa kwa ukubwa, na redio isiyozimwa. Mjomba mwenyewe hakuwapo. Alikuwa ametoka kidogo kulijaribu gari la mtu. Aliyekuwa ameinama kwenye injini ya basi ni binamu yake, mtoto wa Mjomba, waliyemwita Bosi Mdogo, mtu mpole, mnene, mwenye mikono ya polepole. Mchomeleaji alikuwa kando, miwani myeusi imepanda kipajini.

"Karibu, Sikio! Umekuja kutusikiliza?" mchomeleaji alipiga kelele.

"Nimekuja kukusikia ukinyamaza. Bado sijafanikiwa."

Walicheka. Sikio akasogea karibu na binamu yake. Basi lile lilikuwa na tabo, na Bosi Mdogo alikuwa katikati ya taimingi. Kibomba cha shingo ya bata kilikuwa mahali pake. Matone yalidondoka, yakapungua. Tone la mwisho likaning'inia. Bosi Mdogo akatazama puli, akatikisa kichwa kukubali, akashika spana, akakaza.

Hapo hapo. Hakuivuta pampu hata unywele.

"Umesahau heshima," Sikio alisema.

"Heshima ipi? Haya, shikamoo basi."

"Heshima ya tabo."

Bosi Mdogo aliinua uso. "Ya nani?"

"Ya tabo. Ukucha. Unaivuta pampu nje unene wa ukucha, ndipo unakaza."

Mchomeleaji alipasuka kwa kicheko. "Jamani, tabo imekuwa mama mkwe! Ipigiwe magoti! Ndugu zangu, leteni mkeka!" Mtu wa tairi naye akaja kusikia, akainama mbele ya basi, akasema, "Shikamoo tabo," na mwingine akajibu kwa sauti nyembamba, "Marahaba wanangu, hamjambo?" Gereji nzima ikalipuka.

Sikio alisubiri kicheko kiishe. Alikuwa akimtazama binamu yake machoni, akitafuta mahali palipofichwa kitu. Hapakuwa na kitu. Yule alikuwa anashangaa tu.

"Binamu, nani kakufundisha kukaza hapo?"

"Baba. Nani mwingine?"

"Hajakwambia injini ya tabo inacheleweshwa kidogo?"

"Inacheleweshwa, ndiyo. Lakini kiwanda kimeshaipigia hesabu, ndiyo maana alama ya puli ya injini ya tabo haiko mahali pamoja na ya kawaida. Baba aliniambia hivyo siku ya kwanza kabisa. Ukiivuta pampu na wewe, umeichelewesha mara mbili. Gari halipandi kilima hata ulipigie ngoma."

Kisha akapanda, akawasha basi.

Lilinguruma kavu. Lilikuwa na mgongo mgumu ndani ya sauti, kugonga kidogo, kavu, sawasawa. Sikio aliijua sauti ile. Alikuwa ameisikia mara nyingi katika gereji hii, na Mjomba alimwambia, mkono ukiwa begani kwake, kwamba hiyo ni kelele ya fundi asiye na subira. "Wewe usiniletee injini inayogombana," alimwambia. Naye, aliyeitwa Sikio kwa sababu ya masikio yake, alijifunza kuichukia sauti ya injini iliyo nzima, na kuipenda ile ya injini inayokufa polepole.

*

Mjomba aliingia akiwa na funguo za gari la mtu kidoleni.

"Mzee!" mchomeleaji alipaza sauti. "Mpwa wako anatufundisha adabu! Anasema tabo iheshimiwe!"

Mjomba hakucheka. Aliyeangalia kwa makini angeona funguo zilivyoacha kuzunguka kidoleni. "Nendeni mkanywe chai," alisema. Ilikuwa mapema mno kwa chai, kila mtu alijua, na kwa sababu hiyo walikwenda kimya kimya.

"Shikamoo, Mjomba." Ilimtoka kwa mazoea.

"Marahaba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Mjomba, tabo inaheshimiwa au haiheshimiwi?"

Mzee alivuta kiti cha gari kilichotolewa kwenye gari bovu, akakaa. Hakujisumbua kutafuta uongo mwingine. Pengine alikuwa amechoka kuubeba ule wa kwanza.

"Ulipokuja hapa," alisema, "siku ile ile ulishika nozeli ukaniambia imeziba, kabla sijaifungua. Nikafungua, imeziba. Wewe ulikuwa huna hata ndevu. Nikamtazama mwanangu. Mwanangu ukimwambia neno analijua neno hilo. Wewe ukiambiwa neno unalijua na lile ambalo sijalisema. Nikajiuliza, nikizeeka, wateja hawa watakwenda kwa nani?"

"Ungenifukuza."

"Mama yako angelia. Dada yangu mwenyewe, nimfukuzie mtoto? Nilikupa kazi. Nilikufundisha kila kitu, kila kitu nilichonacho." Akainua kidole gumba. "Nilibakisha ukucha. Mtu abakishe nini cha mwanawe, kama si ukucha? Hakuna aliyekufa."

"Mimi."

"Uko hai, unanipigia kelele."

"Kila lori lililotoka mikononi mwangu umelipiga kikofi. Ukawaambia wanivumilie."

"Sijawahi kukusema vibaya mahali popote. Muulize yeyote."

"Ndiyo!" Sauti ya Sikio iligonga mabati. "Ungenisema vibaya ningejitetea. Ungesema mwizi, mlevi, mvivu, ningesimama nikabisha. Wewe ulinihurumia. Mtu aliyehurumiwa anajitetea kwa nani? Dada yangu kanihurumia. Dereva wa karanga kanihurumia. Mji mzima unajua kikofi, na mimi nasimama mikono nyuma nasubiri nisifiwe!"

Mjomba alitazama chini, kwenye sakafu nyeusi ya mafuta. Alipoongea, aliongea kama mtu anayeuza kitu cha mwisho dukani. "Rudi hapa. Wewe na mwanangu mfanye kazi pamoja. Yeye awe mwenye mahali, wewe uwe mikono. Nitawaambia watu umekomaa. Nani atajua?"

Bosi Mdogo alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuna aliyejua amefika lini. Alikuwa amemletea baba yake chai kabla haijapoa, na alikuwa amesikia vya kutosha kujua anapimwaje nyumbani kwao. Akakiweka kikombe chini ya ukuta, akaondoka.

Sikio naye aliondoka. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, alimwacha mjomba wake bila kuaga.

*

Alilifikia lori la dada yake jua likiwa limeanza kupinda. Kobe alikuwa amelala chini ya kabini. Alipoona uso wa fundi aliamka na kwenda kutafuta kazi mbali kidogo.

Angeweza kuliacha. Pampu ilikuwa tayari imepigwa kikofi, iko mahali pake. Lori lingepanda. Lakini lingepanda kwa mkono wa Mjomba, na yeye alikuwa ameapa kwa mkono wake. Akalegeza nati zote, akaizungusha pampu ovyo, akaufuta ule ukweli wa kuazima, akaanza mwanzo.

Mafuta yakatiririka, yakawa matone. Tone la mwisho likaning'inia. Akachungulia puli, alama ilikuwa pale. Akashika pampu kwa kiganja, akakaza nati ya kwanza, ya pili, zote, akajifuta jasho, akatazama.

Ilikuwa nje kwa unene wa ukucha.

Hakukumbuka kuivuta. Mkono ulikuwa umejiendea wenyewe, kama punda anayejua njia ya nyumbani hata mwenyewe akisinzia. Akakaa juu ya tairi la Kobe. Uongo mwingine ukiujua unaukataa. Huu ulikuwa umekwisha kuhamia kwenye kiganja.

Akalegeza tena. Safari hii alishika pampu na kukaza kwa mkono wa kushoto, ambao Mjomba hakuwahi kuufundisha kitu. Ulikuwa mzito, spana iliteleza, ikamchuna kifundo. Akakaza hivyo hivyo. Alipopima upya, tone na alama vilisema neno moja.

Lori liliwaka kavu, likagonga, likasimama kwenye sauti ile aliyoichukia maisha yake yote ya ufundi. Kobe alikuja mbio.

"Hee! Leo limetoka jandoni! Hii ndiyo sauti ya kiume sasa."

"Panda," Sikio alisema.

Walipakia kokoto mpaka springi zikalala. Dada aliketi katikati, mkoba magotini, akisema lile analosema mtu aliyeshikwa na woga, yaani kila kitu. Sikio alikaa dirishani. Mlima ulianza pale barabara inapopita chini ya mitambo ya kusaga mawe. Palikuwa na kona, kisha mteremko uliogeuzwa juu chini, mrefu, mbaya, na mapande ya matairi yaliyopasuka pembeni. Kobe aliingia kona akiwa tayari ameshika gia ya chini, kwa mazoea ya kushindwa.

"Acha gia hiyo," Sikio alisema.

"Litazima, fundi."

"Acha."

Kobe aliacha. Injini ikainama, ikakunja uso. Kisha tabo ikaamka. Kwanza ilipuliza mluzi mwembamba, halafu mluzi ukapata mwili, na lori likaukamata mlima kama mtu anavyokamata ukosi wa shati la mdeni wake. Moshi ulikuwa mwepesi. Sindano ya joto haikusogea. Walilipita lori jingine lililokuwa linatambaa, na Kobe, ambaye hakuwahi kulipita gari lolote mahali pale akiwa na mzigo kamili, alipiga honi mpaka dada akamzaba kofi la mgongo, huku mwenyewe akicheka na machozi.

Kileleni walisimama kando, karibu na vifaa vya daraja. Dada aliruka chini, akamkumbatia mdogo wake, akaliacha shati lake likiwa limekunjamana.

"Nisamehe," alisema. "Lori ni lako. Pampu, breki, kila kitu, na wote nitawaambia. Nilikosa imani." Tayari alikuwa ametoa simu. "Ngoja nimwambie Mjomba! Najua ulikwenda kwake. Atafurahi huyu mzee!"

"Dada, usi—"

Simu ilikuwa imeshaitikiwa, na sauti ya Mjomba ikatoka kubwa kwenye spika.

"Mjomba! Limepanda! Na mzigo kamili! Asante, asante sana kwa kumwonyesha mdogo wangu!"

Sikio alisubiri. Ndani yake palikuwa bado na mahali padogo, palipotaka mzee aseme neno moja la kweli, hata nusu yake, hata aseme tu kwamba hakuonyesha kitu.

"Alhamdulillahi," sauti ilisema. "Ndiyo. Alikuja asubuhi, nikamwelekeza kidogo. Ni mwepesi wa kushika. Nilikwambia, mvumilieni."

Dada alikuwa anatabasamu. Sikio akaisogelea simu.

"Mjomba," alisema, "mwambie dada ulichonielekeza."

Nyuma ya sauti isiyokuwapo ilisikika redio ya gereji.

"Mwambie. Anasikiliza."

"Haloo?" Mjomba alisema. "Haloo? Mtandao unakatika huko mlimani, wanangu. Siwasikii. Haloo?" Na simu ikafa.

Dada aliitazama simu. Mnara wa mtandao ulikuwa umesimama mita chache kutoka pale, mrefu, mwekundu, waya zake zikilia kwa upepo. Tabasamu lake lilikuwa bado liko usoni, lakini lilikuwa limesahauliwa pale.

"Alikufanya nini?" aliuliza.

Akamweleza. Hakuongeza chumvi, kitu chenyewe kilikuwa kimekolea. Alimweleza tone, alama, ukucha, shikamoo ya tabo, kiti cha gari bovu na maneno yaliyosemwa juu yake. Kobe alijifanya anakagua matairi, akakagua tairi moja mpaka mwisho wa hadithi. Dada alisikiliza mkono mdomoni. Sikio alipomaliza, dada alitazama bondeni, kule mji ulikokuwa, paa kwa paa.

"Mama asijue," alisema hatimaye. "Unanisikia? Ni kaka yake wa pekee. Itamuua. Tumalize hapa hapa."

Sikio alimtazama dada yake. Alimpenda. Alijua anasema kwa upendo, kwa upendo ule ule uliopita kwa Mjomba kila mwezi kwa mlango wa nyuma.

"Kobe," aliita, "shusha kokoto za watu. Na tukirudi, utanishusha kwa mama."